Mbishi wa Nyuma ya Pazia

Machage ana maoni. Ukiyataka huna haja ya kumuuliza, mpelekee kichwa chako tu. Kaa kwenye kiti chake pale Mukendo, akufunge kile kitambaa cheupe shingoni, awashe mashine, na kabla hajafika sikioni utakuwa umeshajua anavyoziona harusi za siku hizi, kwaya za siku hizi, watoto wa siku hizi, na simu, ambazo ndizo anazozichukia kuliko vyote. Miaka kumi na tisa amenyoa watu mjini Musoma, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kushindwa ubishi hata siku moja. Mwenyewe alidhani ni akili. Akili gani, jamani! Nani atabishana na mtu aliyemshikia wembe kisogoni? Watu walikuwa wanasema "kweli kabisa, kaka," wanasimama, wanajipangusa nywele, wanakwenda kucheka mbele ya safari.

Nyumbani kwake Kigera hali ilikuwa ile ile. Mkewe Getruda, mwimbaji wa kwaya na mwanamke mwenye shughuli zake, aliacha kubishana naye mwaka wa pili wa ndoa. Machage akitoa hoja, Getruda anaitikia "haya, baba Dorah" huku anachambua dagaa. Dorah mwenyewe yuko shule ya bweni. Kwa hiyo Machage aliishi kama mtu anayejua kila kitu, na kusema kweli jambo hilo lilikuwa linamchosha, ila hakujua kwamba ndilo linalomchosha.

Halafu akaja mama mkwe.

Bibi Anastazia alitoka kwake Butiama kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Miguu ilikuwa inakufa ganzi, daktari akataka awe karibu na kliniki, na kliniki iko Musoma. Mwanawe wa kiume, Magesa, ana duka la vifaa vya ujenzi Kabasa, kule Bunda, na kwa haki mama angekaa kwake. Lakini kutoka Bunda hadi Musoma kila mara, kwa miguu ile, si mchezo. Ikakubaliwa akae kwa binti yake miezi mitatu. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kwa watu wa kwao mtu na mama mkwe wake hawaonani hivi hivi. Hawapeani mkono. Hawali chumba kimoja, na habari ya njaa au chakula haitajwi kati yao. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Machage alikuwa amemwoa Getruda miaka kumi na mitano, na uso wa mama yake alikuwa ameuona mara mbili, zote kwa bahati mbaya.

Sasa mtu huyo aishi naye nyumba moja!

Machage ni mtu wa desturi, akafanya kama desturi inavyotaka. Aliunganisha chumba nyuma ya sebule, akakipa mlango wake wa kutokea uani. Mlango wa kuingilia sebuleni akautundikia pazia, kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, akakishona mara mbili ili mtu asionekane hata kivuli. Siku mama alipofika, mwenye nyumba alikwenda kusimama barabarani juani kwa heshima, mpaka alipoambiwa mgeni ameshakaa.

Wiki za kwanza walizungumza kupitia kwa Getruda.

"Mwambie mama, habari za asubuhi," anasema Machage sebuleni.

"Mama, anakuuliza habari za asubuhi," anasema Getruda mlangoni.

"Mwambie nzuri tu," anasema mama nyuma ya kitenge.

"Anasema nzuri tu."

Na wote watatu walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, hawajaachana hata hatua nne.

Jioni moja Getruda alikuwa mazoezi ya kwaya. Machage amekaa sebuleni, redioni wanazungumzia harusi, naye kama kawaida yake akawa anaijibu redio. "Kelele tupu! Emsii anapayuka, bibi harusi anacheza mpaka kiatu kinamtoka. Zamani bibi harusi alikuwa na aibu. Ule ndio ulikuwa utamaduni."

"Si kweli," likasema pazia.

Machage akaruka kwenye kiti. Miaka kumi na tisa! Neno hilo hakuna aliyewahi kumwambia, si kazini, si kanisani, si nyumbani.

"Ile haikuwaga aibu," sauti ikaendelea polepole. "Tulikuwaga tunalia. Mimi nililia siku tatu, na hakuna aliyeniuliza kama huyo mwanaume nampenda. Huyo wa kiatu anacheza kwa sababu amemchagua mwenyewe. Mwacheni acheze. Kiatu kitaokotwa."

Kesho yake Machage alinyoa vichwa vinane bila kutaja harusi, wateja wakadhani anaumwa. Jioni akafunga mapema, akarudi nyumbani mbio, na kabla hajavua viatu akasema kwa kuliangalia pazia, "Shikamoo, mama. Haya, harusi nimekuachia. Lakini simu! Simu zimeua mazungumzo. Watu wanakaa meza moja kila mtu ameinamia yake."

"Marahaba. Si kweli," likasema pazia. "Marehemu baba yake Getruda alipokwenda Mwanza kutafuta kazi, nilikaa miezi kumi na minne sijui ni mzima au amekufa. Leo Magesa akikohoa kule Bunda, mimi nasikia hapa. Wewe unataka nirudi kwenye ile miezi kumi na minne?"

Basi, ikawa ndiyo starehe yao. Kila jioni, Machage kwenye kiti chake upande huu, mama kwenye kigoda chake upande ule, redio katikati. Walibishania kwaya zinazotumia kinanda. Walibishania wanaume wanaosuka nywele, na hapo Machage, kama kinyozi, alipandisha sauti mpaka majirani wakasikia. Walibishania kama mtoto afanyiwe sherehe ya kuzaliwa. Mama alikuwa na sauti ya chini, na hakuwa na haraka. Anaweza kukuacha umalize, akanyamaza, ukadhani umeshinda, halafu ndiyo anaanza. Miezi mitatu ikapita, ikapita na mwaka, hakuna aliyeuliza mgeni anaondoka lini. Machage alianza kuwaambia wateja, "Mimi nilikuwa nafikiri hivi, ila nimegundua kuna upande wa pili." Watu wa Mukendo wakatazamana.

Getruda alishangaa kuliko wote. "Mimi nilipokuwa nakupinga ulikuwa unanuna siku mbili," alimwambia mumewe.

"Wewe nakuona uso," akajibu Machage. "Nikiona uso nahisi natukanwa. Kule nasikia neno tu, nalipima."

Na Jumapili kanisani, wengine wakishukuru kwa afya na mavuno, Machage alikuwa anashukuru kwa ajili ya mbishi wake. Kimoyomoyo, lakini. Angeanzaje kuwaeleza watu?

Ubishi mkubwa kuliko wote ulihusu mapumziko. Getruda alikuwa amempeleka mama yake ziwani, pale wanapokodisha viti vya plastiki, wakakaa mchana kutwa hawafanyi kitu. Mama alirudi amefurahi mno. Machage hakuweza kuvumilia.

"Mama, kweli? Kukodi kiti ukatazame maji! Tena nasikia mmenunua maji ya chupa, na ziwa zima liko mbele yenu!"

"Baba Dorah," likasema pazia, "nimezaa watoto sita. Nimelima, nimekamua, nimebeba kuni. Katika maisha yangu nilikuwaga nakaa chini wakati wa kunyonyesha tu. Ile siku ya ziwani ndiyo ya kwanza kukaa bila mtoto kifuani wala jembe miguuni. Wewe unalaumu starehe kwa sababu hujawahi kuionja. Hata Jumapili ukitoka kanisani unakwenda kunyoa. Funga siku moja, upumzike, halafu ndiyo uje unibishie."

Maneno hayo yalimkaa. Alikaa nayo wiki mbili.

Jumapili ya tatu, Getruda aliondoka asubuhi na kwaya kwenda kwenye mashindano Bunda. Alimwachia mama yake chakula kwenye hotipoti, ugali wa muhogo na samaki sato, akaiweka juu ya meza ya sebuleni. Mpango ulikuwa ule ule wa siku zote: baba Dorah akitoka kanisani anapitiliza kazini, mama anaingia sebuleni kwa nafasi, anakula, anarudi kwake. Saa sita mama akameza dawa yake, akawa anasubiri nyumba iwe tupu.

Machage akaingia saa sita na robo, amejaa furaha.

"Mama! Leo nimefunga! Sinyoi mtu. Nimekuja kupumzika kama ulivyosema."

Kigoda kikalia nyuma ya kitenge. Kisha, "Hongera, baba Dorah."

Akavua viatu. Akawasha redio. Akanyoosha miguu. Hotipoti ilikuwa pale mezani pembeni yake. Aliiona, akafikiri ni ya jioni. Mwenyewe alikuwa ameshapiga chapati tatu nje ya kanisa. Na upande wa pili wa kitenge alikaa mwanamke mwenye dawa tumboni bila chakula, na hakuna njia duniani ya yeye kusema "nina njaa" kwa mume wa binti yake. Angeanzaje? Akasubiri mkwe achoke kupumzika. Mkwe naye, Mungu amsamehe, alikuwa anaona raha. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Alikuwa anatupa hoja moja baada ya nyingine, na majibu yalikuwa yanakuja mafupi, "ndiyo," "labda," akajua anashinda.

"Ila la ziwani bado sikubali," akasema kwa mbwembwe, saa nane na nusu. "Mtu mzima wa heshima, bibi mwenye wajukuu, kukaa ufukweni kama wasichana wa siku hizi, hapana, mama. Huo si utamaduni wetu."

Akasubiri ile "si kweli" yake. Haikuja.

Akapunguza redio. Akakohoa. "Mama?" Kimya.

Nimemtukana, akawaza. Nimemwita mama mkwe msichana wa ufukweni! Na kwa watu wa kwao, ukimuudhi mama mkwe huendi kumwomba msamaha mwenyewe, wala hufunui pazia lake kumchungulia. Unatoka hapo, unatafuta mwanamke mtu mzima akakuombee, na mkono wako haurudi mtupu. Machage akavaa viatu, akatoka nje kwa kunyata. Akaenda dukani akanunua kilo ya sukari. Akaenda kwa jirani yao Jenipher, akamkuta anafua, akasimama kwa adabu mpaka amalize kuanika.

"Sukari?" akashangaa Jenipher alipoelezwa. "Kwa mgonjwa wa sukari? Baba Dorah, una akili wewe?"

"Ndiyo desturi," akasema Machage, amekwisha kabisa.

Jenipher aliingia kwa mlango wa uani. Machage akasimama sebuleni, ile kilo kwenye mfuko alioutundika kwenye kifundo cha mkono, kichwa chini, anasubiri hukumu. Alichosikia ni ukelele.

"Baba Dorah, njoo! Mama amezimia! Njoo umbebe, mimi siwezi!"

Akafika penye pazia, akasimama. Nasema akasimama, na yeye mwenyewe akisimulia hafichi. Mkono ulikuwa umeshashika kitenge na haukwenda. Miaka yote ya kufundishwa na baba yake, wajomba zake, kijiji kizima, ilimshika pale. Kisha akakumbuka kwamba nyuma ya kile kitenge yuko mtu mmoja tu duniani anayemwambia si kweli. Akalivuta pazia likatoka na misumari yake, akaingia macho chini, akamfunika mama kwa kitenge kile kile mpaka usoni, akamwachia pua, akamnyanyua. Alikuwa mwepesi. Machage hakutegemea kabisa kwamba mtu mwenye maneno mazito vile angekuwa mwepesi hivyo.

Bajaji iliwafikisha hospitali. Muuguzi akauliza jina la mgonjwa, Machage akakwama, maana jina la mama mkwe halitamkwi. Jenipher akalitaja. "Ni nani wako?" "Mama yangu," akasema, na machozi yakaanza kumtoka hapo hapo mbele za watu, mtu mzima na suti yake ya kanisani.

Walimwekea dripu. Baadaye daktari akatoka. "Sukari ilikuwa imeshuka sana. Alimeza dawa bila kula. Mkimwona hivyo siku nyingine, akiwa bado anaweza kumeza, mpeni haraka kitu chenye sukari. Hamkuwa nayo nyumbani?"

Machage akatazama chini. Kilo ya sukari ilikuwa bado inaning'inia mkononi mwake.

Jioni Getruda alifika mbio kutoka Bunda, akasikia kisa, akauliza swali moja tu. "Hotipoti uliiona?" Getruda akamweleza ilikuwa ya nani. Machage alipoelewa kwamba alikuwa ameketi saa mbili na robo kati ya mama na chakula chake, kwa jina la kupumzika, alikwenda kukaa nje ya wodi, hakutaka kusemeshwa. Mama yuko hai. Alilirudia hilo moyoni kama sala. Yuko hai, asante Mungu, yuko hai.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mama aliporudi nyumbani, Magesa alikuja na mzee Keraryo, shemeji wa mama, kutoka Butiama. Mzee Keraryo alisema mkwe akishambeba mama mkwe, mwiko umevunjika, haushoneki. Achinjwe mbuzi, wale sahani moja, waonane, waishi kama mama na mwana. Machage akatoa mbuzi dume mzuri. Walikula, akamwona mama uso kwa uso kwa mara ya kwanza kama watu. Alikuwa na macho madogo yenye kicheko, na mwanya. Watu wakapiga vigelegele.

"Na sasa," akasema Magesa, "mama nitamchukua Kabasa. Amekaa kwa mkwe mpaka akabebwa mikononi. Inatosha. Kliniki nitamleta kwa gari."

Machage angesema nini? Aliyemzuia mama chakula ni yeye.

Mama akaangalia huku na huku. "Nipeni wiki moja," akasema. "Nitasema."

Jumatatu jioni Machage alirudi kutoka kazini, akamkuta mama amekaa sebuleni, kwenye kiti, mbele yake kabisa. Hakuna pazia. Akaamkia, akaitikiwa. Akakaa. Redio ikasema vijana wa siku hizi hawataki kulima. Machage alikuwa na maoni juu ya hilo, mengi sana. Akayatazama yale macho madogo, na maoni yakayeyuka. "Leo kuna joto," akasema.

"Kuna joto," akasema mama, akajifunika kanga vizuri.

Jumanne hivyo hivyo. Jumatano walizungumzia mvua. Walikuwa wanaonana, wanapeana mkono, wanakula pamoja, kila kitu ambacho mzee Keraryo aliruhusu, na hakuna hata neno moja lenye ladha. Machage aliona aibu kumpinga mwanamke anayemwona mikunjo ya uso. Mama naye aliona aibu kumpinga mwanaume aliyembeba. Walikuwa wamepewa ruhusa ya kila kitu wakapoteza kile walichokuwa nacho. Alhamisi mama alianza kukunja nguo zake. Getruda alimwambia mumewe jikoni, kwa sauti ya chini, "Nadhani anakwenda kwa Magesa." Machage alikwenda kazini siku iliyofuata akanyoa kimya kutwa. Mteja mmoja akatoa maoni kuhusu simu, Machage akasema "kweli kabisa, kaka," na akajisikia vibaya hata yeye.

Ijumaa hiyo alirudi saa kumi na mbili jioni, anatembea polepole, hataki kufika. Akafungua mlango, sebule ilikuwa tupu. Kiti cha mama hakina mtu. Juu ya meza hotipoti haikuwepo.

Halafu akaona. Mlangoni kwa mama, kitenge cha bluu kilikuwa kimerudi mahali pake. Pale kilipochanika kwenye misumari kilikuwa kimeshonwa kwa mkono, uzi mweupe, mishono mikubwa ya mtu asiyeona vizuri. Ndege wawili wa njano hawakuwa wamekutana sawasawa.

Machage akakaa kwenye kiti chake bila kuvua viatu.

"Baba Dorah," likasema pazia.

"Naam, mama."

"Magesa nimempigia, nimemwambia aje kunisalimia hapa hapa." Kikafuata kimya, kile kimya chake cha zamani, ambacho unaweza kudhani umeshinda. "Sasa lile la ziwani, kwamba kukaa ufukweni si utamaduni wetu. Si kweli."

Machage akafunika uso kwa mikono miwili, anacheka na kulia kwa pamoja. "Asante, mama," akasema. "Asante sana. Lakini ngoja kwanza..." Akatafuta namna ya kuuliza jambo ambalo mkwe hamuulizi mama mkwe, akashindwa.

Upande wa pili, mfuniko wa hotipoti ukalia.

"Nimeshakula," akasema mama. "Haya, nibishie."